Unga wa Bluu Shambani kwa Mama

Sehemu ya Tisa

Jani bado liko mkononi mwa Mwaisha, na vidole vyake vimeshageuka bluu.

Najua wiki nzima mmebishana vibarazani kama atalitupa au atalificha kwenye khanga. Hakufanya hivyo wala vile. Alilinusa.

Mrututu, ule unga wa bluu wa kuua ukungu, haunuki. Huu ulinuka yai viza. Akageuza jani la pili, la tatu, akalifuata kwa macho shina zima la pilipili manga mpaka kule juu linakokumbatia mti wake. Kila jani lilikuwa na unga uleule upande wa chini. Aliyepulizia alikuwa mtu anayeijua kazi.

Kwa aliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza: Mwaisha ni mkaguzi wa ndani wa kikundi cha kilimo hai cha Mtombwe, huku juu milimani Uluguru. Familia arobaini na tatu, cheti kimoja. Bila cheti hicho mnunuzi wa ng'ambo hagusi pilipili yao. Na sharti lake ni hili: dawa za ukungu za viwandani ni marufuku, hata tone. Mwanachama akikamatwa nazo anatolewa yeye peke yake, miaka mitatu. Lakini mkaguzi wa ndani akidanganya, wanatolewa wote arobaini na tatu.

Sasa mkaguzi wa nje kutoka mjini, Collins, alikuwa anavuka kijito kule bondeni, viatu mkononi, faili kwapani. Na shamba lenye unga ni la mama mzazi wa Mwaisha.

Mwaisha alipanda mbio hadi nyumbani. Mama Mwanahawa alikuwa ameketi kizingitini, mguu mmoja ameunyoosha juu ya kigoda. Mguu ule ulianza kuvimba tangu Ramadhani.

"Mama, hiki nini?"

"Mrututu."

"Nani kakupa?"

"Nimenunua."

"Wapi?"

"Wewe! Unanihoji kama polisi? Mrututu si mliuruhusu wenyewe? Mlituita shuleni, mkatuandikia ubaoni."

"Tuliandika mrututu kwa kibali, mama. Kibali chako kiko wapi? Na mrututu haunuki. Mfuko uko wapi?"

Mama akageuza uso.

"Mama, mgeni keshavuka mto!"

"Uchagani."

Mwaisha aliingia jikoni, akapapasa uchagani kati ya mahindi ya mbegu, akatoa mfuko wa nailoni mweusi uliofungwa fundo. Hauna jina, hauna maelezo, hauna chochote. Ni ile dawa ya kupimiwa kwa kijiko kama chumvi ya gengeni. Alifungua kidogo tu, harufu ikampiga usoni. Aliwahi kuinusa mara moja kwenye mafunzo mjini, ilipopitishwa meza hadi meza ili waijue na waikimbie. Ilikuwa dawa ya kiwandani iliyotiwa rangi.

Alitoka nje na mfuko mkononi.

"Mama, umetuua."

"Nimeua nani? Mwaka jana nilizika mashina thelathini, ulinisaidia kuyang'oa! Nikapiga majivu. Nikapiga mwarobaini. Nikapiga maziwa kama mlivyosema, ukungu ukanywa maziwa ukanenepa. Mwaka huu tena jani linageuka njano Jumatatu, wiki ya pili shina jeusi. Nikae niutazame ukinilia shamba la mama yangu?"

"Ungeniambia."

"Ningemwambia nani? Mwanangu, au mkaguzi?"

Swali hilo lilimchoma Mwaisha, kwa sababu hata yeye siku hizi alikuwa hajui anapoamka asubuhi ni yupi kati ya hao wawili.

"Mpitishe njia ya juu," mama akasema kwa sauti ya chini. "Kwa Filomena. Shamba la Filomena ni safi, wote tunajua. Mgeni hajui mipaka."

Mnataka kusikia kwamba Mwaisha alikataa palepale kwa hasira takatifu? Hakukataa. Aliusukuma mfuko chini ya kuni, akafuta vidole kwenye khanga, akaanza kupanga njia kichwani.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu," mama akajibu.

Collins alikuwa mwanamume mwembamba, matope hadi magotini. Alitoka mjini alfajiri kwa bodaboda, na bodaboda ilimshusha pale barabara inapoishia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na mlima."

"Nimeshapoa. Dada Mwaisha, habari za siku?"

"Njema. Tuanze na huku juu, jua halijawa kali. Kuna shamba zuri sana la..."

"Hapana," Collins akasema, akafungua faili. "Nilipiga kura ya mashamba ofisini, ili mtu asiseme nimependelea. Namba kumi na tisa ni ya nani?"

Mwaisha alizitazama kuni.

"Yangu," mama akasema.

Kabla Collins hajapiga hatua, sauti nzito ikaangukia uani.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Mjomba Dadi huyo, chane ya ndizi mbivu begani, kicheko mdomoni. Mzee Dadi ni mwenyekiti wa kikundi, tena ni kaka yake Mwanahawa. Kwa Waluguru ardhi hufuata tumbo la mama, na sauti ya ardhi hiyo ni mjomba. Akisema hapa palimwe, patalimwa. Akikohoa, wapwa wanasimama.

"Shikamoo, mwenyekiti," Collins akasema.

"Marahaba! Keti ule kwanza. Mlima huu haukaguliwi na njaa."

"Nikila kabla ya kukagua, nitaandikwa mimi."

Mjomba akacheka peke yake.

Mama Mwanahawa hakucheka. Alikuwa anamtazama Collins kama mtu anayepima kina cha maji kwa fimbo.

"Baba, nikuulize kabla hujaenda huko shambani."

"Uliza, mama."

"Mti unakufa. Dawa ya ukungu ipo dukani, inaponya, kila mtu anajua inaponya. Hicho kilimo hai chenu kinasemaje? Niuache ufe?"

"Kinasema usiitie hiyo dawa."

"Basi niuache ufe."

"Ng'oa ulioambukizwa, uchome. Fungua mitaro maji yasituame shinani. Punguza kivuli. Ikishindikana, omba kibali cha mrututu na chokaa."

"Mrututu nao si wa kiwandani?"

Collins alitikisa kichwa kukubali. "Unapitia kiwandani, kweli."

"Si sumu?"

"Ni sumu, mama. Ndiyo maana una kipimo. Ukizidi unabaki ardhini miaka na miaka, nyungunyungu wanakufa. Wakubwa wenyewe wanabishana kila mwaka kama ubaki kwenye orodha au utoke. Lakini umo. Hiyo nyingine haimo. Mnunuzi ameahidiwa pilipili isiyoguswa na dawa ya kutengenezwa, na ahadi ndiyo anayoinunua."

"Kwa hiyo sumu moja ina cheti, nyingine haina."

"Unaweza kusema hivyo."

"Nasema hivyo!"

Mjomba Dadi alidakia, "Dada, basi. Mgeni hakuja kufanyiwa mtihani."

Mwaisha alikuwa amesimama nyuma yao. Akawaza hatua mia moja tu kutoka pale uani hadi shina la kwanza. Collins ana macho, ana pua, ana vichupa vya sampuli mfukoni. Akikuta mwenyewe, atasema mkaguzi wa ndani alijua akanyamaza. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa hatua mia.

"Kaka Collins," akasema, na sauti yake haikutoka kama alivyotaka. "Usihangaike kuchukua sampuli. Shamba hili limepuliziwa dawa ya kiwandani. Nimeona leo."

Akauvuta mfuko kutoka chini ya kuni, akauweka mbele ya mgeni.

Mama alivuta ushungi wake, akaufunika mdomo. Mwaisha alitamani ardhi impasukie, maana hakuna mtoto wa kike Mtombwe nzima aliyewahi kumfichua mama yake mbele ya mgeni.

Collins alinusa mfuko, akafunga fundo. Kisha, ajabu, alishusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo.

"Afadhali umesema wewe. Mkaguzi wa ndani akikamata mwenyewe, maana yake ukaguzi unafanya kazi. Namba kumi na tisa inatoka miaka mitatu. Kikundi kinabaki."

Kikundi kinabaki! Mwaisha alishika nguzo ya jiko. Mama yake ameumia, lakini familia arobaini na mbili zimepona. Angeomba radhi baadaye, hata kwa miaka mitatu.

"Nijaze fomu tu," Collins akasema. "Aliyepulizia ni nani?"

"Mimi," mama akajibu haraka.

"Kwa bomba la mgongoni?"

"Ndiyo."

"La lita kumi na sita?"

"Hilohilo."

Collins aliutazama mguu ulio juu ya kigoda. Mwaisha naye akautazama, kama vile anauona leo. Mama yake tangu Ramadhani alikuwa hawezi kubeba ndoo ya maji kutoka kijitoni. Lita kumi na sita, kwenye mteremko ule, hadi majani ya juu?

"Mama," Mwaisha akasema taratibu. "Nani alikupulizia?"

Mama alijifanya kuusogeza mguu juu ya kigoda.

"Mama!"

Mwanamke wa Kiluguru anaweza kumgombeza kaka yake ndani ya nyumba mpaka bati litikisike. Kumtaja kwa mgeni, hapana. Mama Mwanahawa aliinamisha kichwa, na kwa kuinamisha kule akawa amemtaja.

Mwaisha akageuka. Chane ya ndizi ilikuwa chini, na mjomba hakuwa anacheka tena.

"Mjomba?"

"Mambo ya ukoo hayo. Tutayasema jioni."

"Mwenyekiti," Collins akasema, "naandika sasa hivi."

Mzee Dadi alijifuta jasho kwa kofia yake.

"Nilikwenda Dumila kumwona mkwe. Pale njia panda nikaingia dukani, nikasema nataka mrututu. Kijana akachota kwenye gunia lililo wazi. Nikamwambia mbona umefifia rangi? Akasema, huu mrututu wa kisasa, mzee, hauhitaji chokaa. Ni bluu. Mimi tangu utoto unga wa bluu ni mrututu, sina ninachojua zaidi."

"Kwa hiyo hukujua," Mwaisha akasema kwa matumaini.

"Shamba la kwanza sikujua."

Mwaisha alidhani hakusikia vizuri. "Shamba la kwanza?"

"Shamba la pili nikasikia harufu. La tatu nikajua kabisa. Lakini nimekuja na watu, ni siku ya ujima, wewe uko kwenye mashamba ya wengine, dada zangu wote wametoka na majembe, wamepika. Nisimame niseme nini? Kwamba mimi kichwa cha ukoo nimeuziwa uchafu na kijana wa Dumila? Nikamalizia."

"Mangapi, mjomba?"

"Ya ukoo wote."

"Mangapi!"

"Tisa."

Collins aliacha kuandika. Kuku walikuwa wanadonoa ndizi, na hakuna aliyewafukuza.

"Na mashina yakapona!" mjomba akapaza sauti, machozi yakimlengalenga. "Nenda kayaone, bwana mkubwa! Yale ya Filomena yaliyofuata sheria yamekauka nusu shamba, yangu yanameremeta! Niambie basi ni kosa gani hilo, kuponya?"

"Sijasema haiponyi, mzee. Ingekuwa haiponyi, nani angeinunua?"

Mchuma janga hula na wa kwao, waliosema hawakukosea. Lakini janga lenyewe lilikuwa bado halijapakuliwa. Collins alifungua faili ukurasa wa nyuma, akamuuliza mzee namba za hayo tisa, akachomoa karatasi zake.

"Ulipulizia tarehe ngapi?"

"Tarehe tano, mwezi uliopita."

"Fomu za ukaguzi wa ndani za mashamba haya tisa ni za tarehe kumi na mbili. Zote zimeandikwa: safi, hakuna dalili ya dawa." Akazigeuza. "Dada Mwaisha, sahihi hii ni yako?"

Mwaisha aliinama juu ya karatasi.

Sahihi ilikuwa yake. Alitembea mashamba thelathini na manne ya watu wengine kwa miguu yake, mvua ikimnyeshea, akigeuza jani kwa jani mpaka nyayo zikawaka moto. Tisa ya ukoo aliyajaza akiwa ameketi jikoni kwa mama, akiota moto. Mjomba alimwambia siku hiyo, "Mashamba ya ukoo nayasemea mimi. Au unataka kwenda kumkagua mjomba wako?" Jiko zima likacheka. Mpwa kuingia kwenye mistari ya mjomba wake na kumhesabia majani ni sawa na kumwambia ageuze mifuko nje. Haifanyiki. Mwaisha naye akacheka, akapiga sahihi tisa, akala muhogo.

"Ni yangu," akasema.

"Basi nisikilize vizuri, na sikufundishi jibu." Sauti ya Collins ilikuwa imebadilika. "Kama ulipita na hukuona, ni uzembe. Unaonywa, tisa wanatoka, wengine wanabaki. Kama hukupita, fomu ni za uongo. Na fomu za uongo zinaondoa cheti cha wote. Ulipita?"

"Alipita!" mjomba akasema. "Mvua ilikuwa imeosha unga. Alipita, nilimwona kwa macho haya."

"Simuulizi wewe, mzee."

Mwaisha alimtazama mama yake. Mama aliondoa ushungi mdomoni, na midomo yake ikatamka bila sauti: sema ulipita.

Neno moja tu. Neno moja, na familia thelathini na nne ambazo hazikuwahi kugusa mfuko ule zinabaki salama. Ni dhambi hiyo? Mwaisha aliona si dhambi, aliona ni sadaka.

"Nilipita," akasema.

Mjomba alishusha mabega. Collins aliandika.

"Vizuri. Shamba namba ishirini na sita, la mwenyekiti. Kuna ukingo wa mawe uliobomoka na kuangukia mashina. Ulipopita ulikuwa umebomoka upande wa juu au wa chini?"

Mwaisha alijaribu kulikumbuka shamba la mjomba. Mara ya mwisho kukanyaga mistari yake alikuwa binti wa darasa la tano.

"Wa chini," akasema.

Collins aliweka kalamu.

"Halina ukingo wa mawe, dada. Nimelipita nikija."

Mama Mwanahawa alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa na mwiba. Mwaisha hakulia. Aliona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani mwake, na kwa mara ya kwanza siku ile akasema jambo bila kulipima.

"Sikupita. Hata moja kati ya tisa. Nilijaza hapa hapa jikoni."

"Ahsante," Collins akasema, na hakukuwa na furaha yoyote usoni mwake. Alivuta fomu nyingine, akaandika mistari miwili, akapiga sahihi. Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya ndizi. Miaka mitatu, familia arobaini na tatu.

"Wataambiwa lini?" mama akauliza.

Jibu likaja lenyewe kutoka bondeni. Wimbo. Ilikuwa siku ya kupeleka pilipili ghalani, na wanachama walikuwa wanapanda kwa mstari, magunia kichwani, wanawake mbele. Mbele ya wote alikuwa Filomena. Nusu ya mashina yake yalikauka mwaka huu. Alikwenda mara mbili kumuuliza Mwaisha kama anaweza kutia dawa ya dukani, japo mara moja tu. Mara zote mbili Mwaisha alimwambia hapana, vumilia, tufikirie cheti.

"Mwenyekiti!" Filomena akaita kutoka kwenye kona ya njia, akihema. "Mgeni kasemaje? Tumepita?"

Mwaisha alifungua mdomo. Mjomba Dadi alimtangulia. Alisimama akaegemea nguzo, akainua mikono yote miwili, na lile tabasamu lake likarudi usoni.

"Tumepita!"

Vigelegele vikapasua mlima. Wanaume wakapiga miluzi. Mtu akaanza kupiga debe tupu, na mstari mzima ukaja juu mbio.

"Mjomba, unafanya nini?" Mwaisha akamkamata mkono. "Mjomba!"

"Waache wafurahi leo," mzee akanong'ona. "Leo tu, mwanangu."

Collins alivaa viatu vyenye matope, akafunga faili. "Utawaambia wewe, au niwaambie mimi?"

Filomena alikuwa ameshafika uani. Jasho linamtiririka, gunia la pilipili kichwani, jepesi kuliko la mtu yeyote pale. Alimshika Mwaisha shingo kwa mkono mmoja, akamvuta, akambusu shavuni.

"Mungu akubariki, binti yangu. Uliniambia nivumilie, nikavumilia. Umetuokoa!"

Uani kote wanacheza.

"Mama Filomena," Mwaisha akasema, "tua mzigo kwanza."